Tredimili ya nyumbani: kuichagua, kuifunga na kuitunza idumu

Fundi mzoefu akiitwa kuangalia tredimili (mashine ya kutembelea na kukimbilia ndani ya nyumba) iliyozimika, hunyanyua mkanda kwanza kabla ya kugusa kifuniko cha mota. Anajua anachotafuta. Mkanda unaoukanyaga unateleza juu ya ubao, na kila mguu unapotua unaugandamiza ubaoni kwa uzito wako wote na zaidi. Kati ya mkanda na ubao kuna utando mwembamba wa kilainishi. Utando huo ukikauka, msuguano unapanda, mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida yake, bodi ya umeme inayoiongoza inapata moto, na siku moja mashine inazimika huku ikitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Mwenye mashine atasema mota imekufa, kumbe tatizo lilianza miezi mingi nyuma, chini ya mkanda, pale ambapo chupa ndogo ya silikoni ingetosha.

Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mkanda, ubao na mota, dukani na nyumbani pia. Skrini, spika na programu za mazoezi nitazipitia haraka, maana hazirefushi maisha ya mashine hata kwa siku moja.

Hatua ya 1: Jua nani atakanyaga, na atafanya nini

Kutembea kwa haraka ni kama kilomita 5 hadi 6.5 kwa saa. Kukimbia polepole ni kuanzia 7 hadi 9 hivi, na zaidi ya hapo ni mbio kamili. Mashine inayomtosha mtembeaji kwa miaka mingi inaweza kuchakaa mapema sana mikononi mwa mkimbiaji, kwa sababu anayekimbia hutua kwa kishindo cha mara 2 hadi 3 ya uzito wake.

Fikiria wote watakaoitumia nyumbani, kisha chukua vipimo vya watu wawili: aliye mzito kuliko wote na aliye mrefu kuliko wote. Mashine inunuliwe kwa vipimo vyao, hata kama anayelipa ni mwingine. Ukomo wa uzito unaoandikwa kwenye kibandiko uwe juu ya uzito wa yule mzito kwa kilo 20 angalau. Mtu wa kilo 95 kwenye mashine ya mwisho kilo 100 anaifanyisha kazi ukingoni mwa uwezo wake kila siku, na mkanda na ubao ndivyo vitakavyolipa.

Mwenye ugonjwa wa moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au magoti yenye shida azungumze na daktari wake kabla hata ya kuanza kulinganisha mashine.

Hatua ya 2: Pima chumba kabla ya kwenda dukani

Dukani kila mashine inaonekana ndogo. Nenda ukiwa tayari na vipimo vya nyumbani.

Tredimili ya kawaida ina urefu wa kati ya sentimita 160 na 200 na upana wa sentimita 75 hadi 90. Hayo ni maeneo inayoyakalia yenyewe tu. Nyuma yake acha mita 2 wazi, na kila ubavu acha nusu mita. Usiibane nafasi ya nyuma hata kidogo. Anayejikwaa hurushwa nyuma na mkanda, na akikuta ukuta hapo, anabanwa kati ya ukuta na mkanda unaoendelea kuzunguka. Ukikuta nafasi ya nyuma haipatikani, geuza mashine ielekee upande mwingine au chagua chumba kingine.

Kisha dari, kipimo ambacho wengi hukisahau. Chukua urefu wa mtumiaji mrefu kuliko wote, ongeza kimo cha mkanda kutoka sakafuni, ongeza kiasi ambacho sehemu ya mbele hupanda mwinuko unapowekwa hadi mwisho, kisha ongeza sentimita 10 za kichwa kuruka wakati wa kukimbia. Mtu wa sentimita 180, juu ya mkanda ulio sentimita 20 kutoka chini, na mwinuko unaopandisha mbele sentimita 20 nyingine, anahitaji kama sentimita 230. Dari la sentimita 240 litamtosha kwa taabu, na feni ya darini isiwe juu yake kabisa.

Pima pia mlango, kona za korido na ngazi. Boksi la mashine nzuri linaweza kuzidi kilo 100, na wanaolileta wengine huishia mlangoni.

Chumba chenyewe kiwe kikavu. Ubao wa tredimili nyingi ni mbao iliyosagwa na kushindiliwa, na ikinyonya unyevu huvimba. Varanda, banda lenye kuvuja na chumba cha kufulia havifai. Kama unaishi ghorofani, mpira wa kutandika chini utapunguza mtikisiko, lakini kishindo cha miguu kitaendelea kusikika kwa walio chini yako. Zungumza nao mapema kuhusu saa za mazoezi.

Hatua ya 3: Angalia umeme wako

Tredimili inataka soketi yake peke yake, yenye waya wa athi unaofanya kazi kweli. Usiichomeke kwenye ekstensheni, hasa zile nyembamba ndefu. Waya mwembamba unapunguza nguvu ya umeme unaofika kwenye mota, mota inavuta zaidi ili kufidia, na waya unapata moto. Friji, pasi au kiyoyozi visitumie njia hiyo hiyo ya umeme wakati mashine inafanya kazi.

Panapokuwa na umeme unaopanda na kushuka, weka stabilaiza yenye uwezo unaozidi mahitaji ya mashine, si ile ndogo ya televisheni. Bodi ya kuongozea mota ni moja ya vipuri ghali zaidi kwenye mashine nzima, na ndiyo ya kwanza kuumia umeme unapopiga ghafla. Ukiagiza mashine kutoka nchi nyingine, hakikisha kama imetengenezwa kwa volti 110–120 au 220–240 kabla ya kulipa. Na baada ya kila zoezi zima swichi kuu na uchomoe plagi.

Hatua ya 4: Soma namba za mota kwa jicho kali

Nguvu ya mota huandikwa kwa nguvu za farasi, na hapa wauzaji hucheza sana na maneno. Kuna nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa sekunde chache tu, na kuna nguvu endelevu, ambayo mota inaweza kuitoa muda wote wa mazoezi bila kuchemka. Unayoitaka ni hiyo ya pili. Kwenye vibandiko vingi huwa na herufi CHP, yaani nguvu endelevu ya farasi kwa Kiingereza. Ukiona HP peke yake, uliza, na muuzaji akishindwa kujibu, chukulia kuwa ni ya kilele.

Hesabu ndogo itakusaidia. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Soketi ya volti 120 yenye ukomo wa ampea 15 inatoa wati 1,800 tu, yaani nguvu za farasi 2.4 hivi, hata kabla ya kuhesabu umeme unaopotea kama joto. Kwa hiyo mashine inayochomekwa kwenye soketi kama hiyo na kujitangaza kuwa na nguvu 4 haiwezi kuzitoa mfululizo. Kwenye soketi ya volti 230 na ampea 13 ukomo ni karibu wati 3,000, kidogo afadhali, lakini kanuni ni ile ile.

Kwa kutembea, nguvu endelevu ya 1.5 hadi 2 inatosha. Kwa kukimbia polepole tafuta 2.5. Kwa mbio za kila wiki, au kama watumiaji ni wazito, anzia 3.

Hatua ya 5: Kagua mkanda, ubao na rola

Mtembeaji anaweza kuridhika na mkanda wa upana wa sentimita 40 hadi 45 na urefu wa sentimita 120. Mkimbiaji anahitaji upana wa sentimita 50 au zaidi na urefu wa sentimita 140, na akiwa mrefu kuzidi sentimita 180 aende 150 na kuendelea. Mkanda mfupi unakulazimisha ufupishe hatua, na baada ya wiki kadhaa unajikuta unakimbia huku ukijizuia, kiuno na mapaja vikilalamika.

Uliza mkanda una tabaka ngapi. Wa tabaka mbili unatulia zaidi na hausogeisogei kama wa tabaka moja. Uliza unene wa ubao: milimita 18 ni wa kawaida, 25 ni imara. Baadhi ya mbao hupakwa nta pande zote mbili, hivyo upande mmoja ukichakaa unaugeuza na kutumia wa pili. Uliza kipenyo cha rola, zile silinda za mbele na nyuma ambazo mkanda huzizunguka. Rola ya sentimita 6 inaukunja mkanda taratibu kuliko ya sentimita 4, hivyo mkanda na beringi vinadumu.

Maswali haya yatamshangaza muuzaji aliyezoea kuulizwa kuhusu skrini. Yaulize tu. Mimi nikiombwa ushauri na mtu anayesita kati ya mashine mbili za bei sawa, humwambia achukue ile yenye mkanda mrefu na skrini ndogo. Skrini kubwa zinazotegemea malipo ya kila mwezi zina tatizo jingine: ukiacha kulipa, baadhi ya kazi zake hufungwa. Simu yako ikiwekwa juu ya kishikizo inafanya kazi hiyo hiyo.

Zile tambarare za kuweka chini ya meza zisizo na vishikio ni za kutembea tu. Mkanda wake ni mwembamba, mota ni ndogo, na nyingi zina ukomo wa muda wa kutumia mfululizo kabla ya kupumzishwa. Kama unachotaka ni kutembea polepole ukiwa kazini, zinafaa. Usimnunulie mtu anayetaka kukimbia, wala mzee mwenye mashaka ya kuyumba.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda na viatu vyako vya mazoezi na ukanyage kwa dakika 10 kamili, kwa mwendo utakaoutumia nyumbani. Dakika 2 hazitoshi kukuonyesha chochote. Wakati unakanyaga, sikiliza mambo matatu: je, mkanda unasita kidogo kila mguu unapotua; je, vishikio vinatikisika; na je, mota inabadilisha sauti unapohama kutoka kasi ndogo kwenda kubwa. Mashine ya kukimbilia isiyumbe kabisa. Panda kasi, shuka, pandisha mwinuko hadi mwisho na uurudishe chini.

Kisha vuta ufunguo wa usalama, kile kiplastiki chenye kamba unachobana kwenye nguo. Mkanda lazima usimame. Mashine isiyo na ufunguo huo, au ambayo ufunguo wake ukitoka mkanda unaendelea, iache hapo hapo.

Soma waranti yote. Fremu kuhakikishiwa miaka mingi si jambo kubwa, kwani chuma hakiharibiki haraka. Angalia vipuri na kazi ya fundi vimehakikishiwa kwa muda gani, nani atakuja nyumbani, na kama mkanda na bodi ya mota vinapatikana kama vipuri. Waranti ya matumizi ya nyumbani huwa haifanyi kazi mashine ikiwekwa kwenye jimu au ofisi.

Ukinunua iliyotumika

Mashine nzuri iliyotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya dhaifu ya bei hiyo hiyo, kwa sharti kwamba umeikagua mwenyewe ikiwa imewashwa. Uliza usomewe kilomita au saa ilizotembea. Nyingi huzihifadhi ndani ya skrini. Zima, chomoa, kisha nyanyua ukingo wa mkanda na upitishe kiganja chini yake. Upande wa chini wa mkanda ukiwa unang'aa na kuwa mgumu kama kioo, umekwisha. Ubao ukiwa na mfereji au alama nyeusi ya kuungua pale miguu inapotua, nao umekwisha, na gharama ya vyote viwili uikate kwenye bei.

Angalia kingo za mkanda kama zimechanika. Washa na usikilize bila kukanyaga: mlio wa kusaga ni beringi, na mlio wa kupiga pa-pa-pa kila mzunguko ni kiungo cha mkanda au kitu kilichonasa kwenye rola. Nusa karibu na kifuniko cha mota. Harufu ya kuungua usiivumilie hata ukipewa punguzo kubwa. Kama muuzaji anasema haiwezi kuwashwa kwa sababu yoyote ile, hesabu kwamba haifanyi kazi.

Hatua ya 7: Kuifunga na kuiweka sawa

Tandika mpira mzito chini kwanza. Unazuia nyuzi za zulia na vumbi kufyonzwa na feni ya mota, jambo linalofaa hata kwenye sakafu ya vigae. Funga bolti zote kwa mkono kwanza, kila moja iingie kwenye tundu lake, ndipo uanze kuzikaza kwa spana. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine kuingia, fremu inapinda kidogo na utahangaika na mlio usiojulikana unatoka wapi.

Weka pimamaji juu ya fremu, kwa urefu na kwa upana, na zungusha miguu ya chini mpaka kiputo kikae katikati. Mashine iliyolala upande hupeleka mkanda upande huo kila siku, na utaona kosa liko kwenye mkanda wakati liko sakafuni. Baada ya wiki 2 hadi 4 za kutumia, rudia kukaza bolti zote, maana mtikisiko wa mwanzo huzilegeza.

Hatua ya 8: Kukanyaga bila kuumia

Anza ukiwa umesimama kwenye vibao vya pembeni, siyo juu ya mkanda. Bana kamba ya ufunguo kwenye nguo, washa kwa kasi ndogo kabisa, kisha panda. Dakika 5 za mwanzo na za mwisho ziwe za kutembea. Vishikio ni vya kujishika unapoyumba. Ukivining'inia muda wote, mwili unalala mbele na mazoezi yenyewe yanapungua. Kama lengo lako ni mbio za barabarani, weka mwinuko wa asilimia 1. Mwaka 1996 watafiti Andrew Jones na Jonathan Doust walionyesha kwamba kwa kasi ya mkimbiaji, mwinuko huo hulingana vizuri na nguvu anayotumia mtu anayekimbia nje, ambako kuna hewa ya kuipasua.

Watoto wadogo wasiwe chumbani mashine inapozunguka. Mei 2021 kampuni ya Peloton iliwataka wateja warudishe tredimili zake za Tread+ zipatazo 125,000 nchini Marekani, baada ya mtoto wa miaka 6 kufariki na wengine kuumia kwa kuvutwa chini ya mashine upande wa nyuma. Hatari hiyo haiishii kwenye kampuni moja, kwani tredimili yoyote ina mkanda unaoingia chini kwa nyuma. Ukimaliza, ondoa ufunguo na uuweke mahali mtoto hafiki, kila mara, hata kama unarudi baada ya nusu saa.

Hatua ya 9: Matunzo, na hapa usifanye haraka

Kila baada ya zoezi futa jasho kwenye vishikio, skrini na vibao vya pembeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Jasho lina chumvi. Likiingia kwenye vitufe na bolti linaleta kutu. Usipulize maji wala sabuni moja kwa moja kwenye skrini. Viatu vya tredimili visitoke nje, kwa sababu mchanga unaoingia chini ya mkanda unasugua ubao kama msasa.

Kila wiki fagia au fyonza vumbi pembeni na chini ya mashine, na tazama kama mkanda umekaa katikati.

Kupaka kilainishi. Soma kitabu cha maelekezo kwanza. Baadhi ya mbao zimepakwa nta kiwandani na haziruhusiwi kupakwa kitu kingine. Kwa zilizobaki, tumia silikoni asilimia 100 iliyotengenezwa kwa ajili ya tredimili. Mafuta ya kupikia, ya injini, grisi, na zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu huharibu mkanda au kugeuka gundi ya vumbi. Kama hutumii zaidi ya saa 3 kwa wiki, paka kila miezi 6. Kati ya saa 3 na 5, kila miezi 3. Zaidi ya hapo, kila miezi 2. Kitabu kikitaja muda mwingine, fuata kitabu.

Kabla ya kupaka, hakikisha unahitaji. Chomoa plagi, ingiza vidole chini ya mkanda katikati, pale miguu inapotua, na uviburute ubaoni. Vikitoka na unyevu mwembamba wa kuteleza, bado. Vikitoka vikavu, ni wakati. Futa vumbi la juu ya ubao kwa kitambaa kikavu kilichovutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine chini ya mkanda. Nyanyua ukingo wa kushoto, ingiza mdomo wa chupa mbali kadiri unavyoweza kuelekea katikati, na uchore mstari wa silikoni kwa zigizaga katika eneo unapokanyaga. Rudia kulia. Mililita 5 hadi 10 kila upande hutosha mashine nyingi. Chomeka, acha izunguke tupu kwa kilomita 3 au 4 kwa saa kwa dakika moja, kisha tembea juu yake dakika 5 huku ukihamisha miguu kushoto na kulia ili silikoni isambae. Usizidishe. Ikizidi, inafika kwenye rola, na mkanda unaanza kuteleza.

Kukaza mkanda. Ukiwa umechomoa plagi, nyanyua mkanda katikati ya urefu wake, kwenye ukingo. Unapaswa kunyanyuka kama sentimita 5 hadi 8. Usiponyanyuka kabisa, umebana mno na unaumiza beringi na mota. Kurekebisha, tumia alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye bolti mbili za nyuma ya mashine: zungusha robo mzunguko kushoto na robo ile ile kulia, kisha pima tena. Zikizungushwa kwa viwango tofauti, mkanda utakimbilia upande.

Kurudisha mkanda katikati. Washa kwa kilomita 4 au 5 kwa saa, bila mtu juu, na simama nyuma pembeni. Mkanda ukiwa umekwenda kulia, kaza bolti ya kulia robo mzunguko kwa kufuata mwendo wa saa. Ukiwa umekwenda kushoto, kaza ya kushoto. Kisha ngoja dakika nzima uone. Haraka ya hapa ndiyo inayoharibu: mtu anazungusha, haoni mabadiliko baada ya sekunde 10, anazungusha tena, na mkanda unavuka hadi ng'ambo na kuchanika ukingo. Weka nywele, mikono ya shati na vidole mbali na rola.

Chini ya kifuniko cha mota. Mara 2 kwa mwaka, zima, chomoa na usubiri dakika 10, kwa sababu bodi huhifadhi umeme kwa muda hata baada ya plagi kutoka. Fungua skrubu za kifuniko, fyonza vumbi kwa bomba la plastiki bila kugusa bodi, na ondoa nyuzi zilizojizungushia kwenye feni. Kama hujiamini na umeme, mwite fundi kwa kazi hii moja.

Hatua ya 10: Kusoma dalili mapema

Mkanda unasita kila unapokanyaga? Tambua kwanza ni mkanda gani. Muombe mwenzako atazame rola ya mbele unapotembea taratibu. Mkanda ukisita huku rola ikiendelea kuzunguka, mkanda wa kukanyagia umelegea. Rola nayo ikisita wakati mota inaendelea, uliolegea au kuchakaa ni mkanda mdogo unaotoka kwenye mota. Kuna watu hukaza mkanda mkubwa miezi mizima wakati tatizo liko kwenye huu mdogo.

Mashine ikijizima baada ya dakika kadhaa na kukubali tena ikipoa, inajilinda na joto. Angalia kilainishi, vumbi na ekstensheni kabla ya kuwaza kubadilisha mota. Kasi ikirukaruka au skrini ikionyesha kosa la kasi, mara nyingi ni sensa (kifaa kidogo kinachosoma kasi) iliyo karibu na sumaku ya rola au puli: imesogea au imejaa vumbi. Kupigwa na shoti ndogo za umeme wa msuguano wakati wa hali ya hewa kavu ni jambo la kawaida. Ukipigwa na shoti ya kweli, chomoa na usiitumie mpaka fundi akague athi.

Ukishuku kwamba kasi ya skrini si ya kweli, ipime. Zima mashine, bandika alama kwenye ukingo wa mkanda na upime urefu wake wote kwa kuuzungusha kwa mkono. Washa na hesabu sekunde za mizunguko 20. Zidisha urefu kwa mita mara 20 mara 3.6, gawanya kwa sekunde. Mkanda wa mita 3 uliozunguka mara 20 kwa sekunde 36 uko kwenye kilomita 6 kwa saa.

Fundi mwenye kipimo cha ampea anaweza kukuonyesha msuguano kwa namba: mtu yule yule, kasi ile ile, ampea ngapi. Muombe aandike namba hiyo siku mashine ikiwa mpya au mkanda ukiwa umebadilishwa, na uibandike ndani ya kitabu cha maelekezo. Ikipanda sana mwaka unaofuata na kilainishi hakiishushi, badilisha mkanda, na ubao ugeuzwe au ubadilishwe siku hiyo hiyo. Mkanda mpya juu ya ubao uliochakaa utaliwa haraka, na bodi ya mota itafuata.